Kaunta ya Shangazi: Asilimia kumi ya nini?

Toleo lililopita niliandika mistari michache kuhusu migahawa inayotenga mauzo ya siku moja kwa ajili ya kliniki ya VVU iliyo jirani nayo. Mistari yenyewe ilikuwa chini kabisa ya ukurasa, baada ya jibu refu la bwana aliyegombana na mshirika wake wa biashara, nikadhani hakuna atakayefika huko. Kumbe mmefika wengi. Droo imejaa barua.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nilikaa nyuma ya kaunta za migahawa miaka 22, nikipokea pesa, nikikata risiti na kufunga hesabu usiku, mpaka magoti yakanishauri nikae niandike. Udaktari sina. Majibu yanayogusa tiba nimempa muuguzi wa kliniki ya matunzo ayasome kabla hayajachapwa. Amenisahihisha mara mbili na nitawaonyesha wapi.

Shangazi, shikamoo. Nina mgahawa wa meza 14. Nataka kutoa asilimia kumi ya siku moja kwa kituo kinachohudumia watu wanaoishi na VVU mtaani kwetu. Mke wangu anasema kumi ni aibu, ni ndogo. Mhasibu wangu anasema nimechanganyikiwa, ni nyingi. Nimsikilize nani?
*Mwenye meza 14*

Marahaba, mwanangu. Wote watatu mmeruka swali la kwanza. Asilimia kumi ya nini?

Nikusimulie. Mgahawa mmoja niliofanyia kazi, jina nabaki nalo, ulitangaza kwamba "faida yote ya usiku wa leo" ingekwenda kwa wagonjwa. Bango mlangoni, utepe mwekundu kila meza. Watu walijaa hadi wengine wakasubiri nje wamesimama, na hawakununa, kwa sababu walijua wamekuja kwa jambo la heri. Nilifunga hesabu saa saba usiku. Mauzo yalikuwa makubwa kuliko usiku wowote wa mwaka ule. Bosi akavuta kiti, akachukua kalamu yangu, akaanza kutoa: vyakula, gesi, umeme, mishahara, fungu la pango la mwezi, maua, bango lenyewe, na tepe. Alipofika chini ya karatasi, kilichobaki kilikuwa kidogo mno hata akatia mkono mfukoni mwake akaongezea, bahasha isionekane imelegea.

Hakuiba. Kila alichokitoa kilikuwa gharama ya kweli, ningeweza kukuonyesha stakabadhi zake. Lakini wale waliosimama nje walidhani wanakula kwa ajili ya mgonjwa, kumbe walikuwa wanatulipia pango. Asubuhi nikatumwa mimi kupeleka bahasha. Dada wa mapokezi kule kliniki aliipokea kwa mikono miwili, mikono ikapanda juu kidogo jinsi mtu anavyonyanyua ndoo aliyodhani imejaa, halafu akaniandikia risiti bila kusema neno.

Kwa hiyo: mauzo, si faida. Chukua jumla ya mauzo ya siku, toa kodi ya serikali kwa kuwa hiyo si yako, weka kando bakshishi kwa kuwa hiyo ni ya wahudumu, na kinachobaki ndicho unachokipigia asilimia. Faida ni neno linalonyooka na kupinda kufuata mkono wa anayeshika kalamu. Mauzo yamo kwenye mashine, na hata mtoto wa shule anaweza kuyakagua.

Sasa je, kumi ni nyingi? Mhasibu wako hana wazimu. Migahawa mingi, hata inayoendeshwa vizuri, haibakiwi na kumi katika kila mia ikishalipa kila mtu. Ukitoa kumi ya mauzo ya siku ya kawaida, unatoa zaidi ya faida ya siku hiyo. Ila siku yenyewe haitakuwa ya kawaida, na hapo ndipo mke wako naye anapopata haki yake. Tuseme Jumanne yako huingiza 100, na Jumanne ya mchango, kwa kuwa watu wameambiwa, ikaingiza 160. Kumi katika kila mia ya hizo ni 16. Zile 60 za ziada zimekugharimu nini? Pango lilikuwa linakwenda hata meza zingekuwa tupu. Taa zingewaka. Mpishi angelipwa. Ulichoongeza hasa ni vyakula, na vikila theluthi moja, ni 20. Umebakiwa na 40 katika zile za ziada. Toa 16 za kliniki, unazo 24 ambazo Jumanne iliyopita hukuwa nazo.

Hesabu hii inakubali siku ya polepole tu. Ukiifanya siku ambayo mgahawa hujaa wenyewe, hakuna meza ya ziada ya kuuza, na zile 16 zinatoka kwenye mshipa wako. Mhasibu atalia, na atakuwa na sababu.

Hujaanza wewe. Mwaka 1991, mjini Philadelphia nchini Marekani, mtu wa kujitolea katika shirika la ActionAIDS alibuni siku ya namna hii ikaitwa Dining Out For Life, yaani kula nje kwa ajili ya uhai. Imeenea miji mingi ya Marekani na Kanada, na hufanyika mara nyingi Alhamisi ya mwishoni mwa Aprili. Mambo mawili katika mpango huo napenda uyaibe. La kwanza, pesa za mji hubaki kwa shirika la mji huo huo. La pili, kila mgahawa hutaja asilimia yake mapema, nayo hutangazwa pamoja na jina lake, kwa hiyo mla anajua kabla ya kuvuta kiti. Andika na wewe mlangoni: "Leo, kumi katika kila mia ya mauzo, kabla ya gharama." Barua ya ahadi ipelekee kliniki kabla ya siku yenyewe, si baada yake. Na risiti yao ibandike ukutani, hapo hapo palipokuwa na bango.

Haya mambo ya migahawa na UKIMWI ni matangazo tu, Shangazi. Wanatafuta wateja kwa mgongo wa wagonjwa. Wakitaka kutoa si watoe kimya kimya?
*Sidanganyiki*

Ni matangazo, ndiyo. Nimetoka kumwonyesha mwenzako hapo juu jinsi tangazo linavyojaza meza. Mgahawa ukitoa kimya kimya hutoa cha mfukoni mwa mwenyewe. Ukitoa kwa sauti, hutoa na cha wateja. Kliniki haiulizi pesa zilikuja na ngoma au bila ngoma.

Ila usinipe migahawa ya bango pekee. Ipo iliyofungua mlango wa jikoni pale ambapo hapakuwa na sifa ya kuvuna. Ugonjwa huu uliripotiwa mara ya kwanza Juni 1981, na miaka ile ya mwanzo kulikuwa na hospitali ambako trei ya mgonjwa iliachwa mlangoni kwa sababu aliyeileta aliogopa kuingia. Mwaka 1985 mjini New York, Ganga Stone, mama aliyekuwa akijitolea kuwahudumia watu walio karibu kufa, alianza kuwapelekea chakula wagonjwa waliolala majumbani mwao, akitumia baiskeli, na chakula chenyewe alikiomba kwenye migahawa ya jirani. Hicho ndicho chanzo cha shirika la God's Love We Deliver. Mwaka huo huo San Francisco, bibi mstaafu, Ruth Brinker, alianza kupikia watu saba baada ya rafiki yake kudhoofika na kufa akiwa hawezi tena kujipikia. Shirika lake, Project Open Hand, lipo hadi leo. Wapishi waliowapa sahani miaka ile walijua wateja wakisikia wanaweza kukimbia. Nadhani hao hata wewe, Sidanganyiki, ungewasalimia.

Bosi wetu ametangaza siku ya mchango wa VVU na anasema bakshishi zetu zote za siku hiyo nazo ziende huko, "kwa moyo". Hakutuuliza. Nikikataa nitaonekana sina utu. Nifanyeje Shangazi?
*Mhudumu wa zamu ya jioni*

Moyo wa nani, mwanangu? Moyo anaoutoa ni wako.

Bakshishi ni pesa ya mhudumu. Kwa wengi wenu ndiyo nauli ya kurudi nyumbani. Mwenye mgahawa anaweza kutoa mauzo, anaweza kutoa kuta, anaweza kutoa na saa yake ya mkononi, lakini hatoi kilichoachwa mezani kwa ajili yako. Usiende kwake peke yako na usiende jioni. Mwendeeni asubuhi mkiwa watatu au wanne, na msiende na neno "hatutaki". Mwambieni: "Bosi, weka kisanduku kaunta, kila mhudumu atumbukize anachojisikia, na hakuna atakayesimama karibu kuangalia." Bosi mwenye akili ataona umemnusuru. Siku ya mchango yenye wahudumu walionuna haiuzi, nimeziona. Bili zinachelewa, sahani zinatua kwa kishindo.

Shangazi wangu, mimi ni mpishi. Natumia ARV mwaka wa sita sasa na virusi vyangu havionekani kwenye kipimo. Kazini anajua meneja peke yake. Mgahawa unaandaa usiku wa kuchangia kituo cha VVU, na meneja ameniomba nisimame mbele ya wageni niwape ushuhuda. Anasema wakiniona watatoa zaidi. Ni mtu mwema, amenisitiri miaka yote hii. Naona haya kumkatalia.
*Nyuma ya jiko*

Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikaenda nikachota maji, nikarudi.

Hebu turudi kwenye ule usiku wa bahasha nyepesi, kwa sababu sikuumaliza. Kati ya saa mbili na saa tatu, bibi mmoja aliyeketi meza ya dirishani, utepe mwekundu ameubana kifuani, alimwita mhudumu kwa kidole akamnong'oneza: wapishi wenu mmewapima? Mhudumu alikuja kaunta akanisimulia huku akicheka, nami nikacheka, Mungu anisamehe. Ukuta wa nyuma yangu ulikuwa mwembamba, na nyuma ya ukuta huo kulikuwa na kijana wetu wa kuosha vyombo. Kila jioni alikuwa akiniomba kipande cha karatasi ya risiti, kile cha mwisho wa roli chenye mstari mwekundu ambacho hakifai tena. Nikadhani anaandika namba za bahati nasibu. Miaka mingi baadaye, yeye mwenyewe akiwa na mgahawa wake, aliniambia alikuwa akifungia vidonge vyake humo, avimeze chooni pasipo mtu kusikia kopo likitikisika. Nilimuuliza kama usiku ule alisikia swali la yule bibi. Akasema alisikia na kicheko.

Chumba kilichojaa watu waliokuja kuchangia hakikosi meza ya dirishani.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, usisimame. Meneja anaweza kuwa na hoja, huenda kweli wakatoa zaidi usiku huo. Lakini mchango ni wa usiku mmoja na habari yako ikishatoka mdomoni hairudi, na kesho ni wewe utakayesimama kwenye jiko hilo. Wema aliokufanyia kwa kukusitiri hauwi deni la kulipwa kwa kujianika. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Bosi, nakushukuru kwa yote, hilo siliwezi. Kituo kinao watu waliojiandaa kuzungumza hadharani. Waombe wao, na mimi usiku huo nitapika kuliko siku zote." Vituo vingi kweli vinao watu wa namna hiyo, wameamua wenyewe, wamezoea maswali ya kijinga, na wakilipwa nauli na ujira wao hawaoni vibaya.

Hapa ndipo muuguzi aliponisahihisha mara ya kwanza. Nilikuwa nimekuandikia kwamba kwa kuwa virusi vyako havionekani, chakula chako ni salama. Akapiga mstari. Pembeni akaandika: *chakula chake kingekuwa salama hata kama hajameza kidonge kimoja.* VVU havipiti kwenye sahani, kijiko, jasho wala mvuke wa sufuria. Kutoonekana kwa virusi kunahusu kitandani: utafiti ulioitwa PARTNER, uliotoa matokeo mwaka 2016, uliwafuatilia wapenzi ambao mmoja ana VVU na dawa zimeshavifubaza, na katika matendo ya ndoa 58,000 hivi bila kondomu, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake. Hiyo ni habari yako ya nyumbani. Jikoni hukuwa unahitaji cheti.

Wapo waliochagua kusimama. Novemba 2017 mjini Toronto, hospitali ya Casey House inayohudumia watu wenye VVU ilifungua mgahawa wa siku mbili uitwao June's, na wapishi wake wote 14 walikuwa wanaishi na VVU, nao walitaka ijulikane hivyo. Hospitali ilikuwa imeuliza maoni ya watu nchini humo ikakuta nusu tu ndio wangekubali kula chakula cha mpishi wanayejua ana VVU, nayo ikaamua kuwajibu kwa meza. Tiketi ziliisha. Nawapigia makofi wale 14. Lakini walikuwa 14, walijua kinachokuja, na hospitali nzima ilikuwa nyuma yao. Wewe ungekuwa mmoja, na nyuma yako meneja mwema.

Hofu ya meza ya dirishani imewahi kukaribia kuwa sheria, usione ni ndogo. Mwaka 1990 Wamarekani walipokuwa wakiandika sheria ya haki za watu wenye ulemavu, bunge lao la chini lilipitisha kipengele ambacho kingeruhusu mwajiri kumwondoa mwenye VVU kwenye kazi ya kugusa chakula. Kiliondolewa kabla sheria haijasainiwa Julai mwaka huo. Badala yake wizara ya afya ikaagizwa itoe orodha ya magonjwa yanayoambukiza kupitia chakula. VVU havimo.

Kama siku moja utataka kusema, utasema. Ila siku hiyo uichague mwenyewe, wala isiwe siku ya kuuza tiketi.

Nilimwona mpishi amejikata kidole akafunga kitambaa akaendelea kukata. Nikaacha chakula nikalipa nikaondoka. Nilikosea?
*Mteja mwenye macho*

Kuondoka hukukosea, jiko hilo ni chafu. Aliyejikata anaacha kazi, anaosha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni, anakifunga vizuri, anavaa glavu. Chakula kilichoguswa na damu kinatupwa, ubao na kisu vinaoshwa. Hiyo ni kanuni ya usafi, iwe damu ya nani.

Ikiwa uliogopa VVU, hapo umekimbia kivuli. Virusi hivi nje ya mwili havidumu, moto huviua, na tumbo lina tindikali. Kwa njia ya chakula, Wamarekani wameandika matukio machache mno tu, ya watoto wachanga waliolishwa chakula kilichotafunwa kwanza na mlezi mwenye VVU aliyekuwa na damu mdomoni. Hakuna mgahawa humo.

Panapohitaji haraka ni kwingine: sindano iliyotumika ikikuchoma, kondomu ikipasuka, au mtu akibakwa. Hapo kuna dawa za dharura, zinamezwa siku 28, na lazima zianzwe ndani ya saa 72. Mimi nilikuwa nimeandika "siku tatu hivi". Muuguzi, sahihisho la pili: *futa 'hivi', watu watasubiri siku ya tatu.* Saa ya kwanza ni bora kuliko ya pili. Basi, nimefuta.

Shikamoo Shangazi. Ni mnasihi kwenye kliniki ya matunzo. Migahawa mitatu imetuchangia na pesa imefika kweli, tumeihesabu. Sasa tunabishana. Mkurugenzi anataka mashine mpya ya kutoa nakala, wengine wanataka tununue dawa. Wewe uliyezoea pesa za mgahawa unasemaje?
*Mnasihi*

Marahaba. Nafurahi kuna bahasha iliyofika ikiwa nzito.

Dawa msinunue. Pesa za meza kumi na kitu hazitoshi hata kuanza, na ARV katika nchi nyingi huletwa kwa mafungu makubwa na serikali, na Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulioanza 2002, na PEPFAR, mpango wa UKIMWI wa Wamarekani ulioanza 2003. Hesabu za UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, za mwisho wa 2024 zinasema watu milioni 40.8 wanaishi na VVU na milioni 31.6 wako kwenye dawa. Kazi hiyo haibebwi na mgahawa. Lakini Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa ghafla, sote tuliona kilichoyumba kwanza: watu wa mtaani wanaogonga milango, wanaopima usiku, wanaomfuata aliyekosa miadi. Kwingine dawa zilikuwepo kwenye kabati na hakukuwa na wa kumtafuta mwenye nazo. Huko ndiko pesa ndogo inakoonekana.

Kwa hiyo mimi ningeangalia daftari la miadi. Nani hakuja mwezi uliopita na kwa nini? Mmoja hana nauli. Mwingine zamu yake haimruhusu. Mwingine anaona haya kumeza vidonge tumbo tupu, maana kuna dawa kama rilpivirine ambayo bila mlo haifanyi kazi ipasavyo, na hawezi kukuambia kwamba mlo wenyewe ndio shida. Lile shirika la bibi Brinker lilifanyiwa utafiti mdogo na chuo kikuu cha California cha San Francisco, matokeo yakatoka 2017: watu 52 wenye VVU au kisukari walipewa chakula kamili kwa miezi sita, na kati ya wenye VVU, wanaomeza dawa inavyotakiwa walipanda kutoka asilimia 47 hadi 70. Ni watu wachache, usiwajengee nyumba. Lakini ni pesa ya mgahawa ikirudi kuwa sahani, na mimi hilo linanipendeza kupita kiasi.

Nina la pili, na hapa nazungumza kama mtu wa zamu. Fungueni jioni. Wahudumu na wapishi waliowachangia hawawezi kuja kwenu saa nne asubuhi; wamelala, au wanamenya. Sasa hivi kuna dawa mpya ya sindano ya kujikinga na VVU, lenacapavir, ya mara mbili tu kwa mwaka. Katika majaribio yaliyotangazwa 2024, wasichana na wanawake vijana 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda walichomwa, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Julai 2025 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Ninyi mnajua ikifika au isipofika kwenu. Lakini sindano ya mara mbili kwa mwaka haina maana kwa binti wa kaunta ikiwa mlango wenu unafungwa yeye anapofunga aproni. Lipeni muuguzi mmoja jioni mbili kwa wiki. Mkipata za kutosha, wekeni na taa nje.

Mashine ya kutoa nakala mwambieni mkurugenzi asubiri. Ila chapeni karatasi moja, kwa mashine hiyo hiyo mbovu, mpeleke kwenye ile migahawa mitatu: nauli ngapi, milo mingapi, jioni ngapi. Bila jina la mtu. Kwa karatasi hiyo watawachangia tena mwakani.

Tufanye Desemba mosi au siku nyingine?
*Mwenye haraka*

Desemba mosi ni Siku ya UKIMWI Duniani tangu 1988. Siku hiyo kila mtu ana hotuba, na kliniki yenyewe ina maandamano, hawatakuja kula kwako. Chagua siku ya wiki ambayo keshia wako hupiga miayo. Muulize yeye, usimuulize meneja.